Barua ya Wazi kwa Kampuni ya Duolingo: Kiswahili Kiwe Lugha ya Kujifunzia

Kwa Mkurugenzi Mtendaji, Bodi ya Wakurugenzi na Waandaaji wa Kozi wa Duolingo, Pittsburgh, Marekani.

Barua hii inahusu nafasi ya Kiswahili katika kozi za kampuni ya Duolingo, na kwa kuwa kampuni nyingi zinazofundisha lugha kwa simu na kompyuta hufuata nyayo za hiyo iliyo kubwa, yanayosemwa humu yanazihusu nazo pia. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zinazofundishwa na kampuni, lakini hakimo katika orodha ya lugha zinazotumika kufundishia. Katika taaluma ya ufundishaji, lugha lengwa ni ile ambayo mwanafunzi anataka kuijua, na lugha ya kufundishia ni ile inayompa maelekezo, maana za maneno na masahihisho pale anapokosea. Mkazi wa London anayetaka kujua Kiswahili hukuta kozi ambayo maelezo yake yote yameandikwa kwa Kiingereza anachokijua. Mkazi wa Masasi anayetaka kujua Kiingereza, au wa Uvira anayetaka kuimarisha Kifaransa chake, ambaye Kiswahili ndicho anachokimudu zaidi katika kusoma na kuandika, hana kozi ya kumpokea. Ombi la barua hii ni kwamba kozi hiyo iandaliwe, ianze na Kiingereza, na iandaliwe na watu wanaokijua Kiswahili kwa undani, kwa sababu ambazo zinahitaji kuelezwa kwa urefu.

Ombi hili linakubaliana na sababu iliyoizaa kampuni yenyewe. Duolingo ilianzishwa mwaka 2011 na Luis von Ahn, mzaliwa wa Guatemala aliyekuwa profesa wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, pamoja na mwanafunzi wake Severin Hacker kutoka Uswisi, na ikafunguliwa kwa umma mwaka 2012. Von Ahn ameeleza mara nyingi kwamba alikulia katika nchi ambayo kujua Kiingereza humwongezea mtu kipato, ilhali masomo yenyewe ni ghali na wanaoyahitaji zaidi ndio wasioweza kuyalipia. Kwa hiyo alitaka masomo ya bure, na miongoni mwa kozi za mwanzo kabisa ilikuwamo ya Kiingereza kwa wasemaji wa Kihispania. Mtu wa Guatemala hakuambiwa ajifunze kwanza Kiingereza ndipo aelewe maelekezo ya kozi ya Kiingereza. Alifundishwa kwa Kihispania. Hali aliyoieleza mwanzilishi huyo ndiyo hali ya Tanzania, ya mashariki ya Kongo na ya Burundi, na hoja iliyotumika kule inatosha kutumika huku bila kuongezwa kitu.

Kozi ya Kiswahili kwa wasemaji wa Kiingereza ilitolewa mwaka 2017, kupitia mpango ambao watu wa kujitolea walikuwa wakitunga kozi, na miongoni mwa waliojitolea walikuwamo Wamarekani waliowahi kufanya kazi Afrika Mashariki chini ya shirika la Peace Corps. Watu hao wanastahili shukrani za dhati, kwa kuwa wamewawezesha wengi walio mbali kuanza kuzielewa ngeli, yaani yale makundi ya nomino yanayoamua viambishi vya maneno yote yanayoandamana nazo. Hata hivyo kozi hiyo imo katika mkondo mkongwe. Askofu Edward Steere alichapisha kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili mwaka 1870, E. O. Ashton akatoa sarufi yake mwaka 1944, D. V. Perrott akafuata mwaka 1951 na kitabu cha mtu kujifundisha mwenyewe, na vyote vitatu viliandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya mmisionari, afisa wa serikali ya kikoloni na mgeni mwingine aliyehitaji kuelewana na wenyeji. Kwa zaidi ya karne moja na nusu msemaji wa Kiswahili amekuwa mtu wa kusemeshwa, na maarifa ya kumwelewa yamehifadhiwa katika lugha ya mwingine. Simu za mkononi zimebadilisha chombo na kuuacha mkondo palepale.

Haiwezi kusemwa kwamba lugha hii ni ndogo mno kubeba kazi hiyo. UNESCO huwakadiria wasemaji wake kuwa zaidi ya milioni 200, na mwaka 2021 iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika iliipokea kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukaifanya lugha ya kazi mwaka 2022. Wala haiwezi kusemwa tena kwamba kutunga kozi ni kazi ya miaka mingi isiyolipa. Mwezi Aprili 2025 Duolingo ilitangaza kozi mpya 148 kwa mara moja, ikaeleza kwamba kozi zake 100 za mwanzo zilichukua miaka ipatayo 12, na kwamba kasi hii mpya imetokana na akili unde, yaani programu zinazozalisha maandishi na sauti zenyewe baada ya kulishwa maandishi mengi ya binadamu. Kwa kozi hizo, lugha saba zinazopendwa zaidi baada ya Kiingereza, zikiwamo Kifaransa, Kijerumani na Kijapani, ziliwafikia wanafunzi wa lugha 28 za kufundishia. Kiswahili hakikuwa miongoni mwa hizo 28. Wakati milango 148 inafunguliwa kwa siku moja, kukosa hata mmoja ni uamuzi wa mtu fulani mezani, na uamuzi huweza kubadilishwa.

Anayesubiri kozi hiyo anafaa kuelezwa ili waandaaji wamjue. Nchini Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma masomo yake kwa Kiswahili, huku Kiingereza kikiwa somo moja kati ya mengine. Akiingia kidato cha kwanza, karibu kila somo hugeuka kuwa la Kiingereza kuanzia wiki za mwanzo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitoa nafasi ya Kiswahili kutumika katika ngazi zote, lakini darasa la sekondari limebaki kama lilivyokuwa. Mwalimu wa baiolojia huandika ubaoni fasili ya usanisinuru kwa Kiingereza, akaisoma, akawataka wanafunzi waiseme pamoja baada yake, na wao huisema kwa sauti moja nzuri. Anapouliza swali ambalo jibu lake halimo katika fasili ile, darasa hunyamaza, wengine wakikodolea macho madaftari. Hapo mwalimu hugeukia Kiswahili, akazungumzia jani la mhogo, jua na maji, mikono ikaanza kunyooshwa, na kwa dakika chache somo likawa somo. Kisha huandika maswali ya zoezi kwa Kiingereza, kwa kuwa mtihani wa taifa utakuja kwa Kiingereza, na wanafunzi hurudi kwenye kukariri. Ripoti ya Clive Criper na William Dodd ya mwaka 1984 ilikwishaonyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kuwa chombo cha kujifunzia, na mradi wa utafiti wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 ukiwakutanisha wataalamu wa Tanzania, Afrika Kusini na Norwei, akiwamo Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Birgit Brock-Utne wa Chuo Kikuu cha Oslo, umeonyesha kwa vipindi vilivyofundishwa kwa lugha zote mbili jinsi wanafunzi wanavyoshiriki na kuelewa zaidi wanapofundishwa kwa lugha wanayoijua.

Utafiti huo una jambo ambalo kampuni inapaswa kulizingatia kuliko mengine. Watetezi wa Kiswahili katika elimu hawasemi Kiingereza kisifundishwe. Wanasema kifundishwe vizuri, kama lugha, na watu wanaojua namna ya kufundisha lugha, badala ya kumwachia mwanafunzi akiokote katika masomo ya fizikia na jiografia asiyoyaelewa. Kufundisha lugha vizuri, kwa lugha ambayo mwanafunzi anaielewa, ndiyo kazi ambayo Duolingo inasema inaifanya. Kwa hiyo hofu kwamba kozi kama hiyo itakidhoofisha Kiswahili, hofu ambayo huenda ikatajwa na baadhi ya wapenzi wa lugha hii, haina msingi: kozi ya Kiingereza inayoelezwa kwa Kiswahili humlazimu mtunzi wake kukiandikia Kiswahili istilahi, mifano na maelezo ya sarufi, na lugha hukua kwa kufanyiwa kazi za namna hiyo.

Upo pia wakati maalumu ambao kozi hiyo ingefaa sana. Kwa utaratibu uliozoeleka Tanzania, mtihani wa darasa la saba hufanyika mwezi Septemba na kidato cha kwanza huanza Januari, na miezi hiyo ya katikati mtoto hukaa nyumbani. Wazazi wenye uwezo humpeleka mtoto tuisheni ya kujiandaa na sekondari, ambayo sehemu yake kubwa ni Kiingereza, na wasio na uwezo humwacha asaidie shambani au dukani mpaka shule ifunguliwe. Simu janja moja ya mzazi, au ya kaka aliyetoka mjini, ingeweza kuwa mwalimu wa kipindi hicho, ilimradi mtoto aweze kusoma maelekezo yake, jambo ambalo leo hawezi, kwa sababu kozi ya kumfundisha Kiingereza humtaka awe tayari anajua Kiingereza, au Kifaransa, au Kiarabu, au Kivietinamu.

Nje ya shule za Tanzania hali hutofautiana, ila haja ni ileile. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa na ndicho kinachosikika Goma, Bukavu na Lubumbashi, ilhali elimu ya juu na shughuli za serikali huendeshwa kwa Kifaransa. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma wapo maelfu ya Wakongo na Warundi, na kwa miaka kadhaa hadi mwaka 2024 Wakongo walikuwa miongoni mwa makundi makubwa kabisa ya wakimbizi waliopokewa Marekani, nchi ya kampuni yenyewe, wengi wakifika na Kiswahili mdomoni na wakihitaji Kiingereza cha kuongea na mwalimu wa mtoto wao, na daktari, na msimamizi wa kiwandani, tangu wiki ya kwanza. Wapo pia wanawake na wanaume wa Kenya, Tanzania na Uganda wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani Oman na Saudi Arabia, ambao kwao Kiarabu cha kueleza kwamba wanaumwa au kwamba mshahara haujalipwa ni suala la usalama wao. Na kozi ya Kiarabu kwa Kiswahili ingekuwa na mwanzo mwepesi ajabu, maana sabuni, sahani, sukari, kahawa na dawa ni maneno ambayo mwanafunzi anayo tayari na anachohitaji ni kuyarudisha katika matamshi yake ya asili.

Sasa inafaa kueleza kwa nini kozi hiyo isitengenezwe kwa kuchukua kozi ya Kiingereza iliyotungwa kwa wasemaji wa Kihispania na kugeuza maelekezo yake yawe ya Kiswahili. Utaratibu wa kampuni wa siku hizi, kwa maelezo yake yenyewe, ni kutunga kozi moja ya msingi na kuizalisha upesi katika lugha nyingi za kufundishia. Ni utaratibu unaopunguza gharama, lakini humvika mtu nguo iliyokatwa kwa vipimo vya mwingine. Wanaisimu wana mbinu iitwayo uchanganuzi linganishi, ambayo huziweka lugha mbili kando kwa kando ili kubaini mahali zinapokubaliana na mahali zinapoachana, na mahali zinapoachana ndipo mwanafunzi anapokosea. Kihispania na Kiingereza vinakubaliana katika mambo kadhaa ambayo Kiswahili na Kiingereza vinaachana, na kozi iliyoyapita mambo hayo harakaharaka kwa sababu Mhispania anayajua itamwacha Mswahili njiani.

Sentensi fupi ya "Amenunua kitabu" inatosha kulithibitisha hilo. Kiambishi a- katika kitenzi hicho kinamtaja mtendaji bila kusema kama ni mwanamume au mwanamke, na msikilizaji haoni kwamba amenyimwa kitu. Kiingereza humlazimu msemaji achague kiwakilishi cha kike au cha kiume kabla hajafungua mdomo. Kila mwalimu wa Kiingereza Tanzania amesikia mwanafunzi akimsimulia mama yake kwa kiwakilishi cha kiume, na kosa hilo halitokani na uvivu, bali linatokana na akili iliyozoea mfumo ambao unamtenga mtu na kitu, wala haumtengi mke na mume. Msemaji wa Kihispania anao uchaguzi huo katika lugha yake, kwa hiyo kozi yake haina sababu ya kuutumia muda mrefu. Msemaji wa Kiswahili anauhitaji muda huo, tena mapema, tena kwa mazoezi yanayorudiwa.

Sentensi hiyohiyo haisemi pia kama kitabu kilichonunuliwa ni kitabu chochote au ni kile kilichokwishazungumzwa. Kiingereza hutumia maneno mawili madogo yanayotangulia nomino, moja la kitu kisichotambulishwa bado na jingine la kitu kinachojulikana, ambayo wanaisimu huyaweka katika kundi la vibainishi. Kihispania, Kifaransa na Kiarabu vina njia zao za kufanya jambo hilohilo, na Kiswahili hakina maneno ya namna hiyo. Mwalimu asiyekijua Kiswahili atasema kwamba dhana yenyewe haimo katika lugha na kwamba mwanafunzi lazima aikariri. Anayekijua atalinganisha "Amenunua kitabu" na "Amekinunua kitabu", atamwonyesha mwanafunzi kwamba kile kiambishi -ki- kilichoingia katikati ya kitenzi, ambacho wanasarufi hukiita kiambishi yambwa kwa kuwa kinamwakilisha mtendwa, kinapotumika kwa kitu aghalabu huashiria kwamba kitu hicho kinajulikana kwa wanaoongea, na kwamba tofauti anayoisikia kati ya sentensi hizo mbili iko karibu sana na ile ambayo Kiingereza huitaka kwa vibainishi vyake. Hapo mwanafunzi hafundishwi dhana mpya. Anaonyeshwa kwamba anayo tangu utotoni, na kwamba lugha nyingine huiweka mahali pengine. Maelezo ya namna hii hayawezi kutoka katika kozi ya msingi iliyotungwa kwa ajili ya lugha nyingine, kwa kuwa hakuna lugha kati ya hizo iliyo na -ki- hiyo ya kuyadai.

Mambo mengine ya aina hii ni mengi na yatatajwa machache. Kiambishi -me- hufundishwa kwa kawaida kuwa ni cha tendo lililokamilika, lakini katika "mtoto amelala", "mgeni amekaa" au "mzee amevaa kanzu" kinaeleza hali iliyopo sasa hivi mbele ya macho, na mwanafunzi anayepewa kanuni moja ya kukigeuza ataitoa sentensi ya Kiingereza inayosema jambo jingine kabisa. Saa moja asubuhi ya Waswahili ni saa 7 ya Kiingereza, kwa kuwa Waswahili huhesabu saa tangu mapambazuko, na zoezi la kutazama saa lisiloeleza hivyo litampa alama ya kosa mtoto aliyesoma saa sahihi kwa hesabu ya kwao. Upande wa matamshi, Kiswahili kina irabu tano na Kiingereza kina zaidi ya kumi, hata neno lake la meli na neno lake la kondoo, yanayotenganishwa na irabu tu, huwa ni neno moja katika sikio la anayeanza. Zoezi la kusikiliza na kuchagua, ambalo programu hizi hulifanya vizuri, lingeelekezwa hasa hapo. Na kama ilivyo kwa Kiarabu, Kiswahili kimekopa kutoka Kiingereza maneno kama benki, timu, penseli, shati, sketi, leseni na kompyuta, ambayo yangetosha kujaza masomo ya mwanzo bila mwanafunzi kuhisi ugeni, na ambayo yanaonyesha wazi mahali Mswahili huongeza irabu mwishoni ili neno lifuate muundo wa silabi za kwao, na kwa hiyo mahali anapopaswa kujizoeza kuiacha.

Kazi hiyo inahitaji watu, na hapa barua hii haina budi kusema waziwazi kuhusu akili unde. Mpango wa watu wa kujitolea ulifungwa mwaka 2021, mwaka ambao kampuni iliingia katika soko la hisa la Nasdaq, na mwezi Aprili 2025 mkurugenzi mtendaji aliwaandikia wafanyakazi kwamba kampuni itaitanguliza akili unde na kuacha hatua kwa hatua kutumia wakandarasi kwa kazi ambazo mashine inaziweza. Mashine hizo zimelishwa Kiingereza kingi na Kiswahili kidogo, na matokeo yake ni Kiswahili kinachopita mtihani wa sarufi na kushindwa mtihani wa sikio: huandika "Nina furaha kukutana na wewe" mahali ambapo mtu wa Tanga au wa Kisumu angesema "Nimefurahi kukufahamu". Kosa hilo likiwa katika barua ya kibiashara ni aibu ndogo. Likiwa katika maelekezo anayosomeshwa mtoto kila siku, humharibia lugha yake mwenyewe wakati anapofundishwa ya wengine. Mashine itumike kuharakisha kazi, lakini mtunzi wa masomo, mhariri wa mwisho na mwenye sauti inayosikika wawe wasemaji wa Kiswahili, wanaotajwa majina yao na kulipwa ujira wa kitaalamu. Wapo. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na vyuo vikuu vya Kenya vimewafundisha Kiswahili wageni na kuwafundisha walimu wa lugha kwa miongo mingi, na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, lipo kwa ajili ya kusimamia usanifu wa istilahi. Hata kwa upande wa sauti, mradi wa Common Voice wa Mozilla umekwishakusanya sauti za Kiswahili zilizotolewa bure na wananchi wa kawaida; watu waliojitolea namna hiyo wamekwishatimiza sehemu yao, na kampuni yenye wanahisa haifai kuwaomba wajitolee tena.

Hoja ya mapato itatolewa, na ni hoja halali kwa kampuni ya biashara. Wasemaji wengi wa Kiswahili hawana kadi za benki za kulipia huduma za mtandaoni, na wengi hununua bando la siku moja au la wiki, kwa hiyo hawaonekani katika hesabu za wateja. Lakini mamilioni yao hulipia umeme, ada za shule na vocha kwa M-Pesa na Airtel Money, na mlango wa malipo ya aina hiyo ukiwekwa, hesabu itaanza kuwaona. Zaidi ya hayo, Duolingo huuza mtihani wa Kiingereza unaofanyiwa nyumbani kwa kompyuta, ambao vyuo vikuu vingi vya Marekani na Kanada huupokea kwa waombaji wa nafasi za masomo, wakiwamo wa Afrika Mashariki. Kampuni inayolipwa na kijana wa Mwanza ili ipime Kiingereza chake ina wajibu fulani wa kumsaidia kukipata, na wajibu huo hautimizwi kwa kumwelekeza kwenye kozi zilizoandikwa kwa lugha ileile anayopimwa.

Kuhusu Kiswahili kipi kitumike, Kiswahili sanifu kinafaa kuwa msingi, kwa kuwa ndicho kinachosomwa shuleni Tanzania na Kenya, lakini mwanafunzi wa Lubumbashi au Bujumbura anapojibu kwa umbo la kwao lisilobadilisha maana, programu ilipokee jibu lake na kumwonyesha la sanifu pembeni bila kumkata alama, maana hakuja kufundishwa Kiswahili. Masomo yaweze kupakuliwa mahali penye mtandao na kusomwa baadaye bila bando. Kabla kozi haijatolewa, ijaribiwe na wanafunzi waliomaliza darasa la saba katika shule za serikali za mjini na za vijijini, katika miezi ileile ya Oktoba na Novemba wanapokuwa nyumbani, pamoja na watu wazima wa Nyarugusu na wa miji ya Kongo mashariki. Waandaaji wakae nao, waone ni maelekezo gani yanasomwa mara mbili na ni zoezi gani linaachwa katikati, na ripoti ya majaribio hayo iandikwe kwa Kiswahili, ili wazazi na walimu wa watoto hao waweze kuisoma na kuijibu.